Barua kutoka chini ya Mlima Sinai

Shangazi,

Uliniomba nikueleze Monasteri ya Mtakatifu Katarina ilivyo, wala si kukutumia picha za simu tu. Basi tafuta pa kukaa.

Gari hupanda kutoka pwani ya Bahari ya Shamu, katikati ya milima ya rangi ya kutu isiyo na jani, hadi kimo cha mita 1,500 hivi. Hapo ndipo unapouona ukuta. Kwa mbali utadhani ni Fort Jesus ya Mombasa, na kweli ni ngome: Kaisari Justinian aliijenga karne ya 6 kuwakinga watawa ambao tangu zamani waliishi kwa kutawanyika humu mabondeni, wakishambuliwa.

Kilichonifurahisha mno ni boriti za paa la kanisa. Zimechongwa maneno ya kumwombea Justinian uzima, na ya kumwombea mkewe Theodora pumziko. Theodora alifariki mwaka 548, Justinian 565, kwa hiyo boriti zenyewe zinatuambia kanisa lilijengwa lini. Jina la fundi mkuu nalo limo, Stefano wa Aila. Ni mbao zilezile, Shangazi, na paa bado zinalishika!

Juu ya madhabahu kuna mozaiki ya dhahabu ya Yesu akigeuka sura, Musa na Eliya wakiwa kandokando yake. Nyuma yake ni kikanisa cha kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, na anayeingia humo huvua viatu kama Nabii Musa alivyoamriwa. Kijiti chenyewe, au mmea ambao watawa wanaamini ndio huo, unastawi nje, umejimwaga ukutani.

Sasa sikia hili, ambalo ndilo hasa nililotaka kukuandikia. Ndani ya ukuta huohuo, hatua chache tu kutoka mlangoni mwa kanisa, kuna msikiti. Si wa juzi: mimbari yake ya mbao ni ya mwaka 1106, zama za watawala Wafatimi wa Misri. Mnara wake unatazamana na mnara wa kengele za kanisa, ambazo Urusi ilizileta karne ya 19. Watawa pia wanatunza nakala ya hati ya ulinzi wanayosema walipewa na Mtume Muhammad, yenye alama ya kiganja chake. Kwa masimulizi yao, hati ya asili Sultani Selim wa Waosmani aliichukua kwenda Istanbul. Na Wabedui wa kabila la Jebeliya, Waislamu, wanajiita wazao wa askari na watumishi ambao Justinian aliwaleta kuilinda monasteri. Mpaka leo wao ndio majirani na wafanyakazi wake.

Tena kuwa chini ya tawala za Kiislamu kuliziokoa ikoni. Karne ya 8 na ya 9, makaisari wa Konstantinopoli walipoamuru picha takatifu ziharibiwe, amri yao haikufika Sinai. Ndiyo maana ipo hapa ikoni ya Kristo iliyochorwa kwa rangi ya nta karne ya 6. Nilisimama mbele yake mpaka mwongozaji akaniita.

Habari ya maktaba inauma. Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 ilikuwa humu mpaka msomi Mjerumani, Tischendorf, alipoanza kubeba kurasa zake mwaka 1844, na mwaka 1859 akachukua sehemu kubwa kuipeleka Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuzia Uingereza sehemu hiyo kwa pauni 100,000. Kwangu mimi mahali pake ni hapa. Mwaka 1975 watawa waligundua chumba kilichosahaulika chenye hati nyingi, na baadhi ya kurasa za Biblia hiyo zilikuwamo, hizo hazijaondoka.

Ukija, kumbuka kanisa hufunguliwa asubuhi tu, na kuna siku ambazo huwa limefungwa kwa wageni. Ngazi za mawe za kupandia kileleni mwa Mlima Sinai ni zaidi ya 3,000, ila ipo njia nyingine ya mzunguko ambayo ngamia hupita sehemu kubwa. Kwa magoti yako, chukua hiyo. Na uje na sweta zito, usiku baridi ni kali.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao