Asubuhi Shauri Moyo, Jioni Kisumu

Ndege ya Nairobi kwenda Kisumu haikai angani hata saa nzima. Toka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi wa Kisumu ni kama kilomita 280 kwa njia ya hewani, na dakika 45 hivi zinatosha kuzimaliza. Basi huchukua saa nyingi zaidi, maana barabara ina kilomita zipatazo 350. Abiria wa ndege ya jioni, basi, ana mchana mzima mikononi, na kwangu hakuna pa kuutumia kama mtaa wa Shauri Moyo, hapa Nairobi.

Julai huku ni baridi ya kuuma. Sisi wa Pwani hujikunja ndani ya koti mpaka chai ya maziwa ifike, nzito, ya tangawizi, na mandazi yanayochoma vidole. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Pangani ya zamani ilipobomolewa na wenyeji wake kuhamishwa. Nguo zimeanikwa vichochoroni, watoto wanapita chini yake mbio, na kila mzee uliyemwamkia anataka kujua nyumbani ni wapi na kama kwenu kumenyesha.

Ukishuka kuelekea Kamukunji, nyundo hukupokea kabla hujamwona mtu. Mafundi wa jua kali wanafua mabati: karai, majiko, sufuria za kupikia harusi, masanduku ya wanafunzi wa bweni yaliyopangwa hadi juu ya kichwa. Huwezi kusikia unachosema, na matope ya mvua ya jana yanataka viatu vyako. Wenye mikokoteni wanapiga mluzi. Unaruka pembeni, mtu usiyemjua anakushika mkono usianguke, kisha anaendelea na safari yake.

Ng'ambo ya mto, soko la Gikomba, ndiko Kisumu inakoanzia. Harufu ya omena inakuvuta hadi kwa akina mama wenye ngege na mbuta wa kukaangwa, samaki waliosafiri kwa lori usiku kucha. Nilipomwambia mmoja wao kwamba jioni nitakuwa ziwani, aliweka kisu chini.

"Utafika kabla sijafunga meza! Basi kula hapa kwanza, mgeni, ukalinganishe."

Nikala, na ugali na sukuma wiki, na pesa ya kipande cha pili akaikataa katakata.

Mchana ni soko la Burma. Nyama inaning'inia, moshi wa mbavu unaingia hadi kwenye nywele, mutura unakatwa juu ya ubao na kunyunyiziwa chumvi. Zamani msafiri aliyeshiba hapa hakuwa na mbali pa kwenda, kwani Eastleigh, hapo jirani, ndiyo ilikuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi hadi ule wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta, ulipofunguliwa mwaka 1958. Siku hizi ondoka mapema. Jogoo Road ikishikana jioni, safari ya kwenda uwanjani yaweza kuzidi ile ya angani, ingawa makanga na wauza njugu hawakuachi upweke.

Ukipanda, kaa dirishani. Bonde la Ufa linafunguka, chai ya Kericho inafuata, kijani kitupu, halafu Ghuba ya Winam inang'aa mbele. Mlango unapofunguliwa, joto la ziwa linakuvua koti, nalo koti bado linanuka moshi wa Burma.