Udongo Niliougawa

Niligawa udongo wenye sumu kwa majirani zangu, nikawaambia ni neema. Nimelikiri hili barazani mbele ya watu walioyapokea magunia yale mikononi mwangu, na sasa naliandika, kwa sababu najua vipo vikundi vingine, Mombasa na kwingineko, vinavyoanza kazi kama niliyoianza mimi, kwa nia njema ile ile na kwa upofu ule ule.

Kiwanja chenyewe kiko Changamwe, nyuma ya karakana zilizofungwa zamani. Kwa miaka mingi wauza vyuma chakavu walivunja betri za magari pale, wakamwaga asidi chini na kuondoka na mabamba ya risasi kwenda kuyauza. Walipohama waliacha uwanja mweusi usioota hata nyasi. Mimi ni mwalimu mstaafu na nilikuwa mlezi wa kikundi cha vijana cha mtaa. Tulipopewa ruhusa ya kukitumia kiwanja, niliwaahidi kwamba tutakifufua.

Mfano wangu ulikuwa Bamburi. Nilipokuwa nafundisha, kila nilipopata nafasi nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Haller Park, nao walirudi midomo wazi. René Haller alianza kazi ya kuifufua ardhi ile mwaka 1971, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyobaki mwamba wa matumbawe, maji ya chumvi na jua kali. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, na mvinje ndio uliotangulia. Majani yake makavu yalilala chini bila kuoza mpaka alipoleta jongoo, wakayatafuna yakawa mboji. Miti mingine ikafuata, ndege wakafuata, na leo pale pana viboko na twiga. Nikaondoka na imani kwamba ardhi yoyote iliyokufa yataka kivuli, mboji na subira, basi.

Sikujiuliza ile ya Bamburi ilikufa kwa nini. Bamburi palikuwa na njaa. Kwetu palikuwa na sumu. Kule udongo ulikuwa umechukuliwa. Kwetu udongo ulikuwapo, na ndani yake mlikuwa na risasi, ambayo haiozi wala haitafunwi na jongoo. Hujishika kwenye chembe za mfinyanzi na za mboji, ikakaa pale pale kwenye tabaka la juu, mahali mkono wa mtoto unapofika.

Tulimwaga chokaa, tukachanganya samadi na mabaki ya soko la Kongowea, tukapindua udongo kwa majembe. Mvua za masika ziliposhika, mchicha ukaota, majani mapana kama kiganja cha mtu mzima. Niliwaita watu waje waone. Ule ukijani ndio ulionipoteza, nami nataka niueleze vizuri, maana utawapoteza wengine. Kilichokuwa kikiua mimea pale ni asidi. Chokaa iliiondoa asidi, mimea ikanawiri, na risasi ikabaki ilivyo. Mchicha unaweza kusitawi juu ya udongo ambao mtoto hapaswi hata kuukalia. Vumbi lake hushika kwenye majani, na maji ya kuosha mboga mara moja hayaliondoi lote.

Kabla hatujapanda, kijana niliyemfundisha, ambaye wakati huo alikuwa anasoma kemia chuoni, alinijia nyumbani. Alinipa shikamoo, akakaa, akasema, "Mwalimu, tupime udongo kwanza." Akanitajia gharama. Pesa hizo tulikuwa nazo. Nikamjibu kwamba tutapima baadaye, kisha nikazitumia kuchorea bango la mradi, maana kulikuwa na wageni rasmi wa kuja kutuzindulia.

Wala siwezi kusema sikujua. Habari za Owino Uhuru zilikuwa midomoni mwa watu wote hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa kando ya mtaa ule mwaka 2007 na kufungwa 2014. Phyllis Omido aliwapigania wakazi wake mpaka akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Niliisoma hukumu ile nikafurahi kwa ajili yao. Nilidhani sumu ya risasi iliyowapata ilitoka kwenye bomba la moshi, na kwetu hakukuwa na bomba. Sikuona kwamba betri ni ile ile, iyeyushwe au ivunjwe kwa nyundo.

Kisha likaja la magunia, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Udongo ulizidi, nasi tukitaka kila nyumba iwe na bustani ya gunia mlangoni. Vijana wakauchekecha ili uwe laini, vumbi likitanda, nami nimesimama hapo nikiwasifu. Baadaye nilisoma yaliyotokea Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, ambako watu walichekecha mchanga wa mahali palipovunjiwa betri wapate mabaki ya risasi ya kuuza. Watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Mchanga ule uliingia majumbani. Wangu niliuingiza mimi.

Yule kijana wa kemia hakunisubiri. Alichukua udongo kidogo akaupima. Kwa miaka mingi Marekani walitumia kikomo cha miligramu 400 za risasi kwa kila kilo ya udongo mahali watoto wanapochezea, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Wetu ulipita hata kile cha zamani mara kadhaa. Akaja kuniambia kwa sauti ya chini, kama anayeleta habari ya msiba.

Tulipita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, jirani yangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyu mwanangu nimfanyeje, mwalimu?" Nilimwambia ampeleke akapimwe damu, nikampeleka mwenyewe. Mwili wa mtoto huipokea risasi kana kwamba ni kalisi, ukaiweka kwenye mifupa, na inayofika kwenye ubongo huharibu pale ubongo unapojengeka. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sikuwa na la kumfariji, na sikutafuta.

Ningeuliza mapema, ningejua kwamba kila uchafu una dawa yake. Udongo uliolowa oili ya gereji unaweza kurudishwa: unalundikwa, unapewa hewa, unyevu na mbolea, na bakteria wanaila oili kwa miezi. Risasi ni kuiondoa au kuifungia. Walipoandaa uwanja wa Olimpiki ya 2012, London, waliosha udongo wa viwanda vya zamani kwa mashine zinazotenga mchanga na kokoto, ambavyo hutumika tena, na tope laini lililobeba sumu. Sisi hatuna mashine hizo. Tunachoweza ni kuchanganya fosfeti na mboji ili risasi isiyeyuke kirahisi, kutandika kitambaa kizito, kufunika kwa udongo safi kutoka mbali, na kutopanda chochote cha kuliwa. Wapo wanaonishauri nipande alizeti zinyonye sumu. Kwa risasi, alizeti hunyonya kidogo mno, na mabua yake nayo yangekuwa taka yenye sumu.

Kiwanja sasa kimefunikwa na kuzungushiwa ua. Bango tumeling'oa, tukaweka lingine linaloeleza kilichomo chini. Magunia mengi tumeyarudisha. Mengine yalikwenda na wapangaji waliohama, Mikindani, Likoni, labda hata bara. Kama ulipokea gunia la udongo mweusi kutoka kikundi chetu, usiumwage mtaroni wala shambani. Ulowanishe maji vumbi lisiruke, ufunge mdomo wa gunia, uliweke mbali na watoto, unitumie salamu kupitia kwa yeyote wa Changamwe. Nitakuja kulichukua mwenyewe.