Kutambua klova kwa ndiyo na hapana

Leo naweka programu kando, tuongee majani. Hapa kwetu Nyeri, mmea wowote wa majani matatu matatu ulio kwenye nyasi ya Kikuyu huitwa klova. Mimi nimejipangia maswali, vile programu inavyochagua njia.

Kwanza: kila kipande cha jani kina umbo la moyo, na ua lina petali tano wazi? Hiyo ni Oxalis, si klova. Klova hukusanya viua vidogo, mfano wa vya njegere, katika kichwa kimoja.

Pili: maua ni ya zambarau? Anza na Trifolium burchellianum, inayotambaa huko juu mlimani, au rueppellianum, ya msimu mmoja.

Tatu: ni meupe? Geuza jani, chukua lenzi. Lina vinywele? Yaelekea ni semipilosum, mwenyeji wetu. Jina lenyewe ni Kilatini, "nusu nywele". Laini kabisa? Hiyo ni repens, mgeni aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1753.

Mbona nijisumbue? Bakteria kwenye vinundu vya mizizi huilisha klova naitrojeni, lakini wale wa repens hawaifai semipilosum. Ni kama kuipa printa draiva ya printa nyingine. Mfugaji akipaka mbegu bakteria wasiofaa, klova inadumaa, pesa zimekwenda.

Basi ukipita Karatina au Nanyuki, inama, ugeuze jani. Halafu uniambie umeona nini.