Kalenda Kabla ya Koleo

Zamani baba mkwe wangu, huko Nürnberg, alijenga reli yake ya bustanini pale moyo ulipomtuma. Ni treni za mfano za LGB, zilizotolewa mara ya kwanza mjini humo mwaka 1968: reli za shaba ya manjano, zikiachana milimita 45. Mimi mzaliwa wa Korogwe nilinaswa na hesabu yake. Kipimo ni 1 kwa 22.5, zidisha, utapata takriban mita moja, upana uleule wa reli ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893.

Miaka hiyo kazi zote ziliangukia Julai. Jua linawaka, wajukuu wanataka treni, nasi tumefukua tuta na mataruma yamelala kwenye nyasi. Ikifika Oktoba njia iko tayari, ila hakuna anayetamani kukaa nje kuitazama. Kisha baridi inafanya yake: maji yaliyomo udongoni yanaganda, yanavimba, yanaisukuma njia juu. Machi kila behewa linaacha reli.

Kilichotubadilisha ni zege. Tulipoamua kuvusha reli juu ya bwawa, nguzo za daraja zilitakiwa zishuke sentimita 80, chini ya kina ambacho barafu hufika, na zege halishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 5. Ndipo tukashika kalenda kabla ya koleo.

Tangu hapo mwaka una mgawo wake. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba tunachimba na kumwaga zege, udongo ukiwa bado laini na mimea imepunguza kukua. Theluji ikianguka tunahamia mezani: kupaka mabehewa rangi, kuunda stesheni, kuchora kazi ya mwaka ujao. Machi na Aprili tunasawazisha njia kwa pima maji, tunashindilia kokoto na kukagua nafasi kwenye maungio, maana mita 10 za shaba hiyo hurefuka karibu milimita 8 joto lake likipanda nyuzi 40. Mei koleo linarudi stoo, treni zinatoka.

Kazi kubwa ni moja tu kwa mwaka, na baba mkwe hapindishi hilo.

Nawe ukitaka reli ya namna hii, anza kwa kuujua udongo wako: lini unaganda au, kama uko Lushoto au Limuru, lini masika huubeba. Treni nunua mwisho.