Mvua ya Jangwani: Mwezi wa Nane na wa Tisa kule Arizona



Hapa kambini familia nyingi ziko na mtu aliyepokelewa Marekani miaka iliyopita, na wengine walipelekwa Arizona, katika miji ya Phoenix na Tucson. Wanafunzi wananiuliza darasani: kama huko ni jangwa, mbona shangazi anasema kwa simu kwamba maji yamefunga barabara? Mwezi huu nijibu swali hilo.

Jangwa na milima yake

Tucson iko katika jangwa la Sonora. Msifikiri ni mchanga mtupu. Kuna vichaka vya miiba, na kuna saguaro, mmea mrefu kupita nyumba, unaoweka maji ndani ya shina lake. Kaskazini ya mji kuna milima ya Santa Catalina. Kilele chake, Mount Lemmon, kinafika karibu mita 2,800. Chini ni jua kali, juu ni msitu wa misonobari na hewa ya kupoa.

Mvua inavyokuja

Mwezi wa sita ni joto na ukavu. Halafu upepo unageuka na kuleta unyevu kutoka upande wa Mexico. Wataalamu wa huko wanahesabu msimu huo tangu tarehe 15 Juni mpaka 30 Septemba. Wanauita monsoon, neno lililotoka katika Kiarabu, palepale lilipotoka neno letu "msimu". Mvua ya Tucson ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na karibu nusu yake inaanguka wakati huo.

Asubuhi mbingu ni safi. Jua linapasha milima, hewa inapanda, mawingu yanakusanyika, na alasiri ngurumo zinaanza. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo tangu zamani, wanahesabu mwaka mpya kwa mvua hizo. Walikuwa wanapanda mahindi, maharagi na maboga pale maji ya mafuriko yanapotandaa. Mkulima wa Kivu angewaelewa upesi.

Lakini kwetu mwezi wa tisa mvua ndiyo inarudi, kumbe kwao inakaribia kuaga. Hata hivyo isidharauliwe, sababu mabaki ya dhoruba za Bahari ya Pasifiki yanaweza kufika. Mwisho wa Septemba 1983 mvua ya namna hiyo ilijaza mito ya Tucson, ikabomoa nyumba na madaraja.

Mambo matatu ya kuangalia

Maji. Mito mingi ya pale ni mikavu karibu mwaka wote, watu wanatembea ndani yake. Mvua inaanguka mlimani, ardhi ngumu haiimezi yote, na maji yanashuka kwa nguvu mpaka mahali ambapo hakuna hata tone lililoanguka. Ndilo jibu la swali la wanafunzi. Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kubeba gari ndogo. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na dereva anayepita kizuizi cha barabara, sheria ya Arizona inaweza kumlipisha gharama za kumwokoa.

Vumbi. Upepo wa dhoruba unainua ukuta wa vumbi, barabara haionekani. Dereva atoke kabisa nje ya barabara, azime taa, aondoe mguu kwenye breki. Akiacha taa zinawaka, wa nyuma atazifuata na kumgonga.

Joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Katika wilaya yake ya Maricopa watu 645 walikufa kwa sababu ya joto mwaka huo, wengine ndani ya nyumba ambamo mashine ya kupoza hewa ilikuwa imeharibika. Mashine ikifa, mtu asione haya kuomba kulala kwa jirani.

Mnapopiga simu

Saa mbili za jioni hapa Uganda, kule ni saa nne za asubuhi ya siku ileile, kabla ya ngurumo. Ni wakati mzuri wa kupiga. Mkisha kusalimiana, waulizeni: mashine ya baridi inafanya kazi? Watoto wanachezea wapi? Njia ya kazini inavuka mto mkavu? Sisi tuko mbali, lakini neno la mzazi linasikilizwa hata huko.

Mungu awalinde wetu walioko huko, na sisi tulioko hapa.