Lafudhi Yetu Sio Joki

Wasee wa Emali, leo wacha niseme. Nimechoka na vichekesho vya TV. Mkamba akitokea, mara nyingi ni soja wa geti, na joki ni moja tu: vile anatamka maneno. Stori hakuna.

Na si ati hatujawahi kusikika. Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers walipiga benga ya Kikamba na ya Kiswahili pia. Mama Sofi ni ya Kiswahili. Kakai alifariki 1987 na hadi leo ngoma zake zikiwekwa kwa sherehe, wazee na vijana wanaamka. Watu wanacheza, hawacheki.

Mimi niliacha chuo nikaingia hii kazi ya video. Juzi mteja mmoja aliniambia kwa tangazo lake niongeze "Ukamba kidogo" ndio watu wacheke. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika na bado nilikataa. Hiyo lafudhi ndiyo mamangu huniombea nayo.

Vichekesho sivichukii. Tuandikieni Mkamba mwenye mapenzi yake, madeni yake, hata awe mkora. Tutacheka tu.

Kwani nyinyi, ni nani kwa TV huongea kama watu wa kwenu?