Wakili wa Mpasuaji

Ndugu vijana, mgonjwa akiingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake na kutolewa humo amefunikwa shuka, mitaani kwetu ulizo huwa moja: nani amemuua? Naye wakili anayekubali kumtetea daktari huhesabiwa papo hapo kuwa amenunuliwa. Sisi wenyewe tumebishana sana juu ya jambo hili, na kesi iliyotusaidia kulifikiri ni ya mbali, ya Uingereza.

David Sellu, mzaliwa wa Sierra Leone, alikuwa mpasuaji wa matumbo mwenye uzoefu wa miaka mingi huko London. Mwaka 2010, katika hospitali ya binafsi, aliitwa kumwona mtu aliyekuwa amebadilishiwa goti na daktari mwingine, na ambaye sasa tumbo lilimwuma vikali. Utumbo ulikuwa umetoboka. Upasuaji ulifanyika kesho yake usiku, na mgonjwa akafariki. Mwaka 2013 Sellu alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuua kwa uzembe mkubwa. Alikaa gerezani miezi 15.

Kumtetea mtu kama huyo si kusema kwamba hakuna kilichoharibika. Mtu alikufa, na saa zilipita, hilo halifichiki. Mtetezi huuliza saa hizo zilipita mikononi mwa nani. Picha ya tumbo huagizwa na mmoja, hupigwa na mwingine. Mpasuaji hawezi kushika kisu pasipo daktari wa usingizi, wala pasipo chumba kilicho wazi. Mkimtwika mmoja yote, hospitali hubaki vilevile, na mgonjwa ajaye atalala kitanda kilekile. Hapo mfiwa naye amepata nini?

Mwaka 2016, baada ya madaktari wenzake kuipitia upya faili, Mahakama ya Rufaa iliifuta hukumu. Raia walioketi kuamua kesi hawakuwa wameelezwa ipasavyo tofauti kati ya kosa, hata likiwa zito, na uzembe uliopita kiasi hata ukawa jinai. Tofauti hiyo ni nyembamba, lakini ilikuwa imembeba mtu hadi gerezani. Mwaka 2018 tribinali ya madaktari nayo ilimwondolea lawama.

Kwetu Kongo pia, mfiwa anayedai fidia hukutana na kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia. Kifo peke yake hakitoshi: lazima lionekane kosa, yaonekane madhara, na uonekane uzi unaoviunganisha. Daktari haahidi kuponya. Anaahidi kutunza kwa bidii na kwa elimu ya wakati wake. Basi apimwe kwa alichoweza kujua saa ile, si kwa tunachokijua sisi baada ya mazishi. (Baada ya mazishi kila mtu ni daktari.)

Mmoja wetu aliuliza: na kitambaa kikisahauliwa tumboni? Hilo ni jambo jingine. Vitambaa huhesabiwa kabla ya kushona, na hakuna haraka ya mpasuaji inayoweza kuifuta hesabu hiyo. Hapo wakili mwaminifu asitafute maneno ya kupamba. Amwambie mteja wake alipe, na aende yeye mwenyewe kwa wafiwa.